Alichagua Rangi, Hakusoma Jina

Siku ya posa ya mdogo wangu, washenga walipokwisha kunywa chai na kuaga, sisi wanawake tulibaki na mfuko wa zawadi wa kijana aliyeposa. Ndani mlikuwa na doti mbili za kanga, moja ya bibi na moja ya mama, bado zina mikunjo ya dukani. Ya bibi haikuwa na neno. Ya mama ilikuwa ya zambarau iliyokolea, pindo la rangi ya chungwa lenye korosho kubwa kubwa, na mji uliotulia, hauna kelele. Shangazi, ambaye kwetu Ngamiani, Tanga, ndiye mkaguzi wa mambo kama haya, aliipeleka dirishani, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kuona kama ni pamba ya kweli, akaguna kwa kuridhika. Halafu jicho lake likashuka kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya kanga.

Shukrani ya punda ni mateke.

Bibi, ambaye hasomi bila miwani, akauliza, "Imeandikwaje hiyo?" Hakuna aliyemjibu.

Shangazi ndiye aliyevunja kimya. Alisema kijana hana jicho, na asiyejua kuchagua kanga atajuaje kuchagua mke. Mama akamjibu taratibu, "Mke keshachagua, wifi. Kamchagua mwanangu. Na hapo napo kakosea?" Shangazi akameza mate. Mama akaendelea kuwa jicho kijana analo, rangi zile zinajieleza zenyewe. Alichokosa ni subira ya kusoma. Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatengeneza kitasa, naye akatupa lake: "Au kasoma, na ndiyo salamu zenyewe."

Nguo moja, watu watatu tofauti: asiye na ladha, mwenye ladha ila mzembe, na mwenye ladha ila ana ubaya moyoni. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi tangu siku ile, maana sisi wa pwani tunaamini sana kuwa mtu husomwa kwa anachokipenda. Anavyovaa, anachosikiliza, sahani anayoisukuma pembeni, rangi aliyopaka ukutani, vyote tunavisoma. Ila hatukai tukajiuliza tunasoma nini hasa. Ninavyoona mimi, tunasoma mambo kadhaa yaliyosukwa pamoja, na hukumu zetu nyingi huharibika kwa sababu tumeshika ukindu mmoja tukadhani ndio mkeka mzima.

Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa, kwa kuwa hakikulifungia jambo hili katika neno moja. Ladha ni ya chakula kwanza. Anayejua kuvaa na kupamba, tunasema ana jicho. Anayetambua sauti iliyopinda ana sikio. Mpishi ana mkono, na mkono huo huwezi kumwazima mwenzio hata ukimwandikia vipimo vyote. (Ulimi tusiuguse, ukisema fulani ana ulimi umeshaanzisha ugomvi.) Halafu iko roho, ile ambayo ikipenda kitu hula nyama mbichi. Jicho, sikio na mkono ni ujuzi: unaweza kuwa nao au kuukosa, kuunoa au kuuacha ukashika kutu. Roho haina ujuzi wowote, inataka tu. Ubishi mwingi wa barazani kuhusu ladha ya mtu ni wa namna hii: mmoja anazungumzia roho, mwenzake anazungumzia jicho, na wote wanapandisha sauti.

Nianze na roho, kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi.

Mwaka 1931 mkemia mmoja wa Marekani, Arthur Fox, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya DuPont, alikuwa akimimina unga wa kemikali ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa unga ule ni mchungu mdomoni. Fox mwenyewe hakusikia kitu. Wakabishana, kila mmoja akiona mwenzake anatania, mpaka wakawaonjesha watu wengine na kukuta baadhi wanausikia uchungu na baadhi hawausikii kabisa. Baadaye ikajulikana kuwa tofauti hiyo hurithiwa, na inagusa hata namna watu wanavyousikia uchungu wa mboga za jamii ya kabichi. Yaani watu wawili wanaweza kukaa kwenye sinia moja, wakala kitu kimoja, na wakawa hawali kitu kimoja. Kila ninapomwona mtoto akigombezwa kwa kusukuma sahani ya mchunga, huwa namkumbuka Fox na unga wake. Tunamwita mtoto mteuzi, anadeka, hakulelewa vizuri. Pengine ulimi wake umeumbwa vingine tu.

Na ulimi huo umeanza shule mapema. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, baadhi ya wajawazito walipewa maji ya karoti wanywe katika miezi ya mwisho ya mimba. Watoto wao walipofika umri wa kuanza kula uji, ule wenye ladha ya karoti waliupokea vizuri kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ukiipima kwa kipimo hicho, mtoto wa Tanga ameshazoeshwa nazi kabla hajalia kilio cha kwanza. Atakapokua na kusema wali usio na nazi si wali, atadhani hiyo ni rai yake.

Halafu kuna mazoea. Hakuna mtoto aliyewahi kuipenda kahawa chungu ya barazani kwa mara ya kwanza. Unaanza kwa kufuata kashata. Unapewa kikombe kidogo kwa utani, unakunja uso, wazee wanacheka. Mwaka wa pili unakunja uso kidogo. Siku moja muuzaji anapita na dele lake, vikombe vinalia mkononi mwake kama njuga, na unagundua kuwa umemwita mwenyewe, bila kashata. Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1968 kuwa kukutana na kitu tena na tena, hata maandishi usiyoyajua maana, kunatosha kukufanya ukielemee. Kwa hiyo mengi tunayoyaita "mimi napenda" ni "mimi nilikuwepo." Nilikuwa kwenye nyumba ile, mtaa ule, wakati redio inapiga nyimbo zile.

Hapo tumeshafika kwenye malezi, na huu ndio ukindu mnene kuliko yote.

Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alitumia mahojiano ya watu 1,217 yaliyofanywa miaka ya 1960, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kizima juu ya ladha. Maswali yake hata sisi tungeulizana tukiwa tumekunja miguu mkekani: fanicha umenunua wapi, wageni unawapikia nini, muziki gani unaupenda, kitu gani kikipigwa picha kitatoka picha nzuri. Wenye elimu ndogo wengi walichagua vitu kama machweo ya jua baharini. Waliosoma sana walikuwa tayari kusema hata gome la mti, hata kabichi, laweza kutoa picha nzuri. Mtu angeweza kusema wasomi wana jicho zaidi. Bourdieu alisema hapana, tazama tena: kila mmoja anaonyesha alipotoka na alipofika, na anayewapanga wenzake kwa ladha zao naye amejipanga mwenyewe bila kujua.

Chukua sofa zenye nailoni. Kila mtu Tanga ana ndugu mwenye sofa zenye nailoni. Umeingia sebuleni kwake mchana wa kaskazi, umekaa, na ukitaka kusimama mapaja yanabanduka kama plasta. Juu ya televisheni kuna kitambaa cha kufuma, pembeni maua ya plastiki ambayo yanaoshwa kwa sabuni kila Ijumaa. Kijana aliyetoka chuoni na kuzoea kutazama picha za nyumba kwenye simu ataingia, atatupa jicho, na neno litakuwa limemfika mdomoni: ushamba.

Mimi nimekaa kwenye sofa hizo kwa mwanamke wa mtaani kwetu na najua zilivyopatikana. Ni zamu mbili za mchezo, wanawake kumi na wawili, kila wiki fungu lake, na wiki mbili alizoshindwa kutoa fungu akauza vitumbua usiku mpaka akalipa. Hewa ya hapa ina chumvi, inakula bati na kutu haina huruma. Wajukuu wana mikono ya embe. Nailoni ile ni hesabu. Inasema: hiki hakitanunuliwa tena. Na ilitolewa mara moja, siku ya harusi ya binti yake, ikakunjwa, ikawekwa chini ya kitanda, na Jumatatu ikarudi. Sasa yule kijana wa chuo amesoma nini? Ameona uhaba akauita kukosa ladha. Na ukuta mweupe usio na kitu anaoutamani yeye, kiti kimoja, chungu kimoja kwenye kona, nao unatangaza. Unasema mimi sina haja ya kuweka akiba ya vitu kwa ajili ya kesho.

Pwani hii inalijua jambo hili kuliko Bourdieu. Maneno yetu yenyewe yana vumbi la mapigano hayo. Ustaarabu, neno tunalolitumia kwa adabu na maendeleo, limetoka kwenye Kiarabu kwa maana ya kujifanya Mwarabu. Muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, kabla hajawa mtu mwenye tabia nzuri. Ladha ilikuwa lango, na bawabu alikuwa mkali. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichoitwa hivyo kwa sababu kilikuja kutoka Marekani, au kaniki nyeusi iliyofifia. Kanga zenye rangi na maua zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, na utumwa ulipofutwa, Zanzibar mwaka 1897 na huku Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga. Nadhani wapo waliowacheka, wakasema wamejipaka rangi kama kasuku. Lakini mwanamke yule aliposimama dukani akanyoosha kidole, "nipe ile," alikuwa anafanya jambo ambalo mama yake hakuruhusiwa kulifanya. Ukiniuliza ladha yake inasema nini juu ya tabia yake, nitakwambia uthubutu. Na rangi ya kanga yenyewe haina sehemu kubwa katika jibu hilo.

Basi je, hakuna kabisa kinachosomeka? Kipo, ila ni kidogo kuliko tunavyojivunia. Mwaka 2003 Peter Rentfrow na Samuel Gosling, wanasaikolojia waliokuwa Texas, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 3,500 kuhusu muziki wanaoupenda na tabia zao. Uhusiano ulikuwepo, hasa kwa tabia moja: uwazi wa mtu kwa mambo mapya. Mwaka 2006 wakaonyesha kuwa ukimpa mgeni orodha ya nyimbo kumi azipendazo mtu asiyemjua, mgeni huyo anaweza kukisia uwazi huo vizuri kuliko bahati nasibu. Lakini upole? Uaminifu? Kama atalipa deni? Kwa hayo orodha ya nyimbo ni kioo chenye ukungu. Kwa hiyo mama anayesema "anasikiliza rusha roho, huyo atakuwa mhuni" anabahatisha. Baba yangu naye alikuwa mmoja wa wabahatishaji hao. Kwake taarabu ilikoma siku magitaa ya Tanga yaliponyamaza, na rusha roho, taarabu mpya iliyokuja miaka ya 1990, aliiita kelele za kugombana. Lakini mtu mpole kuliko wote niliowahi kumjua, fundi cherehani wa barabara ya jirani, alishona huku rusha roho inapiga kutwa nzima.

Kuna na jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walichapisha mwaka 2010 jaribio walilolifanya dukani. Mteja anaonja jemu mbili, anachagua moja, kisha anaombwa aionje tena ile aliyoichagua na aeleze kwa nini ameipenda. Kwa ujanja wa chupa, anaonjeshwa ile aliyoikataa. Wengi hawakugundua. Walisimama pale wakaieleza kwa ufasaha ile ambayo dakika moja nyuma waliiacha. Kwa hiyo hata sababu tunazozitoa kuhusu ladha zetu nyingine tunazitunga papo hapo. Shangazi yangu akikwambia kwa nini kanga fulani ni nzuri, msikilize kwa heshima, ila usiandike.

Sasa niligeukie jicho, maana nisije nikaonekana nasema ladha zote ni sawa. Si sawa. Iko kahawa iliyokaangwa ikaungua, na iko iliyokaangwa vizuri. Asiyejua tofauti ana haki ya kunywa yoyote, hana haki ya kufundisha.

Mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, aliandika juu ya hili mwaka 1757, na akaazima kisa kutoka riwaya ya Kihispania ya Cervantes. Ni kisa cha divai, wazee wangu mtaniwia radhi. Watu wawili wenye sifa ya kujua kuonja waliitwa waonje pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini kabisa wakakuta ufunguo mzee uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kusema kuwa kuna ladha ambayo ni kuona kilichopo kweli, hata kama mwenzako hakioni. Hailingani na kupenda tu. Akataja inavyopatikana: wororo wa hisi, mazoezi, kulinganisha vingi, akili timamu, na kuondoa upendeleo. Huo wa mwisho ndio mgumu. Ukipenda, chongo utaona kengeza, na ukichukia, kengeza itakuwa chongo.

Mjomba wangu alikuwa na sikio la namna hiyo. Ujana wake aliupitisha nyuma ya kumbi zilipopiga Black Star na Lucky Star, zile klabu za Tanga zilizoipa taarabu gitaa na besi za umeme. Alikuwa anaweza kukaa barazani, bao limepamba moto, redio iko nyumba ya tatu, akainua kidole: "Besi imechelewa." Sisi hatusikii kitu. Siku moja binamu yangu alimtega. Alirekodi wimbo mmoja ukipigwa na watu wawili tofauti, akaupiga bila kusema. Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema wa kwanza anapiga gitaa kwa vidole vyake na wa pili anapiga kwa vidole vya mtu anayemwiga. Na alipata. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Anayeiga hufika mapema kidogo, mwanangu. Anaogopa kuchelewa." Sijui kama hiyo ni kanuni ya muziki, lakini sijaisahau.

Hilo ni jicho, au sikio, na ndani yake kuna kitu cha tabia kinachosomeka kwa haki: uvumilivu. Huwezi kusikia besi iliyochelewa bila kuwa umekaa kimya saa nyingi ukisikiliza kitu ambacho hakikuhusu. Anayejua kitu kimoja kwa kina amewahi kujisahau mbele ya kitu hicho, na hiyo si sifa ndogo.

Lakini hapo ndipo kosa kubwa huingia. Tukishaona mtu ana sikio, tunampa na busara yote. Mjomba huyo huyo alimkopesha tapeli mmoja mara mbili. Si matapeli wawili. Ni yule yule. Aliyeweza kusikia kidole kinachoiga gitaa hakuweza kusikia sauti inayoiga urafiki. Ujuzi haukubali kuhamishwa mtaa kwa urahisi. Na ukitaka mfano wa kutisha, yuko Hermann Göring, mmoja wa wakuu wa utawala wa Hitler. Alikusanya michoro zaidi ya 1,000, mingi imeporwa kwa Wayahudi, akajiona ni mtu wa sanaa. Mchoro mmoja aliouthamini sana, akiamini ni kazi ya Mholanzi wa karne ya 17 aitwaye Vermeer, ukaja kujulikana kuwa ulichorwa na mghushi wa wakati wake mwenyewe, Han van Meegeren, aliyekiri baada ya kukamatwa mwaka 1945. Roho haikuwa safi, na jicho nalo halikuona. Ila hata kama jicho lingeona, roho isingetakaswa na michoro. Wazee walishasema juu ya mkakasi: uzuri wake wa nje, ndani kipande cha mti.

Basi tabia iko wapi? Mimi naitafuta katika namna mtu anavyoibeba ladha yake. Huko ndiko anakojichagulia, maana ulimi hakuuchagua, wala nyumba aliyozaliwa.

Baba yangu, pamoja na kuzichukia nyimbo mpya, siku moja alikaa mpaka mwisho wa harusi ya jirani, akamsikiliza mwimbaji wa kike aliyewashikilia watu mpaka saa nane usiku. Njiani akasema, "Sipendi. Lakini yule binti anajua kuimba." Sentensi hiyo ni nzito kuliko ionekanavyo. Ndani yake roho na jicho vimeachana, kila kimoja kimepewa haki yake. Wengi hatuwezi. Tukichukia tunasema kibaya, tukipenda tunasema kizuri, na hatuoni kuwa tumeruka mto. Anayeweza kusema "napenda, ingawa si kitu kikubwa" na "sipendi, ingawa ni kazi nzuri" ndiye ambaye nitampelekea shauri langu, hata kama ni shauri la shamba.

Upande wa pili nimewahi kumwona mwanamke mmoja mwenye nyumba isiyo na dosari. Mapazia yamekaa, vyombo vinalingana, udi haukuzidi wala haukupungua. Tulienda kumtembelea, binti anayemsaidia kazi akaleta chai kwenye vikombe visivyo vya wageni. Mwenye nyumba hakumwita pembeni. Alimtazama mbele yetu, akacheka kidogo, akasema, "Mnaona ninaishi na nani?" Binti alisimama na sinia, hajui arudi au aweke. Vikombe vile vilikuwa vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu. Nilivipenda kuliko vya kaure vilivyokuja baadaye, ila sikusema, na hilo nalo lilisema kitu juu yangu.

Tena yuko yule anayebadilisha apendacho kila anapoingia mgeni. Huyu simhukumu sana, maana aibu ya kuitwa mshamba inauma na wengi tumekulia chini yake. Lakini ukimuuliza anapenda nini na akatazama kwanza uso wako, humpati kwenye jibu.

Turudi kwenye kanga. Ijumaa ya wiki iliyofuata shemeji yangu alikuja kusalimia. Alipokwisha kutoa shikamoo zote na kukaa, shangazi hakungoja hata maji yafike. Akaifunua ile doti mbele yake, jina likamkabili. "Baba, hii ulisoma?"

Kijana alisoma. Niliona macho yake yakienda neno kwa neno, yakafika mwisho, yakarudi mwanzo. Akainama. Alikuwa na njia nyingi za kutokea: angesema dada yake ndiye aliyenunua, angesema muuzaji kamfungia isiyo yake, angecheka akasema ni utani. Akasema, "Shangazi, nilipenda rangi. Jina sikulisoma. Nyumbani kwetu mama ananunua kanga ya kubebea mtoto, anaangalia kama haitatoa rangi, basi. Nisameheni."

Amekulia Singida. Kwao nyumbani kanga haikuwa barua. Kwa hiyo mama alikuwa amepatia kuhusu jicho, shangazi alikuwa amepatia kuwa kuna kitu kinakosekana, na kaka yangu hakupatia chochote, kama kawaida yake. Jicho la rangi kijana alilipata kwao, ujuzi wa kusoma kanga hakupewa na mtu, na tabia haikuwemo kwenye doti kabisa mpaka alipofungua mdomo. Hata hapo nakiri sina uhakika wa hukumu yangu. Nilikuwa nimeshampenda, na mwenye kupenda huona kengeza.

Siku hizi ukienda naye madukani huko barabara za Ngamiani jiandae kukaa. Anafunua kanga moja baada ya nyingine na kusoma majina kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili, mbele ya wateja wote. Anasoma, anafikiri, anauliza, "Hii ukimpa wifi yako, anaweza kuielewa vipi?" Muuzaji anamjibu. Wanawake waliokuja kununua zao wanaingilia, kila mmoja na maana yake, na wakati mwingine wanabishana wao kwa wao yeye akiwa kimya katikati, ameshika pindo. Mara ya mwisho alitoka bila kununua kitu. Muuzaji alikuwa amebakiwa na kanga thelathini za kukunja upya, akamwambia mara ijayo aje na miwani na kiti chake.

Ile ya punda mama anayo bado. Huivaa shemeji akija kula, na akipita mbele yake na sinia hujitahidi kugeuka.